Baba, 88 ya huku si A

Minneapolis, mwishoni mwa Aprili

Baba na Mama, shikamooni.

Hela ya ada ya Baraka nitatuma tarehe 5, nikishalipwa. Mimi sijambo, baridi imeanza kuachia. Kilichonifanya niandike ni maneno ya Baba Mkubwa kwenye grupu la ukoo.

Baba, yameniuma sana. Mbele ya mashangazi wote, eti kile kipande cha shamba kiliuzwa ili mimi nikalete B! Si angeniuliza kwanza? Dada Eli alipokuwa chuo kikuu Mlimani, Dar, 70 ilikuwa A. Baraka akipata 80 kidato cha sita ni A. Kwenye kozi yangu ya hesabu za kalkulasi A inaanzia 90. Nina 88, na muhula wenyewe haujaisha.

Siku ya kwanza tu mwalimu wa kalkulasi alitugawia karatasi ya mgawanyo wa alama: kazi za nyumbani 15, majaribio ya kila Ijumaa 15, mitihani mitatu ya katikati 45, wa mwisho 25. Ule mtindo wetu wa kukesha wiki mbili za mwisho haufui dafu. Ukizembea wiki moja, alama zimekwenda. Kila saa ya darasani unatakiwa usome mbili au tatu mwenyewe. Na jibu peke yake halikupi kitu, wanataka njia yote.

Jaribio la kwanza la integresheni, yaani kuutafuta mkunjo ukiwa umepewa mteremko wake tu, nilipatia maswali yote, ila manne sikuandika +C mwishoni, ile namba isiyojulikana inayoupandisha au kuushusha mkunjo. Nikakatwa alama nne kati ya 20. Nikamfuata mwalimu ofisini kwake nikiwa nimefura. Akachora mkunjo mmoja, akauchora tena juu yake, halafu chini, yote mitatu ina mteremko uleule. Akaniuliza, "Wewe umejuaje ni upi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijaiacha C hata mara moja.

Na mjue muhula uliopita nilipata A, kalkulasi ya kwanza. Topiki nyingi nilikuwa nimeshazisoma kidato cha sita. Sasa hivi wenyeji wa hapahapa ndio wanaobisha hodi chumbani kwangu usiku niwaelekeze integresheni kwa vipande!

Mpaka leo zimehesabiwa alama 75, mimi nina 66. Nikipata 24 kati ya 25 za mwisho, inafika 90. Naitaka hiyo A, Baba. Naomba umsomee Baba Mkubwa barua hii ana kwa ana, usiiweke kwenye grupu.

Mama, juzi nilipika mtori kwa ndizi za dukani. Niliula, lakini nilikaa nao mezani muda mrefu nikiwaza jiko lako. Je, mvua zimeuacha mlima uonekane asubuhi?

Mtihani ni Jumanne ya pili ya Mei, saa mbili asubuhi huku. Huko itakuwa saa kumi jioni. Niombee kabla hujaenda kukata majani ya ng'ombe.

Mwanenu,
Anna