Malalamiko kuhusu matangazo ya Oscar ya tarehe 3 Machi na marudio yake

Kondele, Kisumu
5 Machi 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Kisumu

Bwana Meneja,

KUH: SHEREHE YA OSCAR ILIYOKATWAKATWA

Mimi ni mteja wenu, huu ni mwaka wa nne. Nina duka la kupiga na kuhariri video hapa Kondele: harusi, matanga, mahafali, na mara mojamoja kwaya ikitaka kurekodi. Mwezi uliopita nilipandisha kifurushi changu cha televisheni, nikaongeza shilingi 700 juu ya ninazolipa siku zote, kwa sababu tangazo lenu lilisema sherehe ya Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, itaonyeshwa moja kwa moja bila kukatizwa. Hayo maneno mawili, "bila kukatizwa", ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2014 nilikuwa kijana wa kumbebea mtu nyaya. Asubuhi hiyo nilisimama mlangoni mwa hoteli ya chai, watu wamejaa hadi barazani, tukamwona Lupita Nyong'o kwenye televisheni akipewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi kwa kazi yake katika filamu ya 12 Years a Slave. Babake wakati huo alikuwa seneta wetu wa Kisumu, kwa hiyo kila mtu pale alimhesabu kuwa binti wa nyumbani. Aliyekuwa akimimina chai alisimama na birika mkononi mpaka Lupita akamaliza kusema. Mwaka huo ndio nilioanza kuweka akiba ya kamera.

Mwaka huu tarehe ileile imeangukia Jumatatu tena. Niliwaambia wanagenzi wangu wanne walale dukani ili tutazame pamoja, maana sherehe ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu. Tulitandika mkeka. Mmoja wao alikuwa amefunga, akaja na daku yake, uji kwenye chupa na viazi vitamu, akatugawia sote.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na hilo nalikiri. Picha safi, sauti safi. Tulimwona Gints Zilbalodis wa Latvia akipokea tuzo ya filamu bora ya katuni kwa Flow, filamu ya paka na wanyama wenzake ndani ya mashua, maji yakipanda, isiyo na neno hata moja la binadamu. Niliwaeleza vijana kwamba ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kutengenezea katuni ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Mwanagenzi wangu mdogo anajifunzia programu hiyohiyo kwenye kompyuta kuukuu ya pale dukani, ile ambayo feni yake tumeifunga kwa waya. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda akaiwekea kompyuta mkono juu, akarudi kukaa. Hakusema kitu.

Baada ya hapo mkaanza kutukata. Kila Wamarekani walipokwenda kwenye matangazo yao ya biashara, nanyi mlikwenda kwenye yenu, lakini yenu yalikuwa marefu kuliko yao. Sabuni, mkopo wa simu, sabuni tena, halafu studio yenu, watangazaji wawili wakijadili gauni la nani limempendeza. Sherehe huko Los Angeles haikuwa ikitungoja. Tuliporudishwa ukumbini, tuzo ya uhariri ilikuwa imeshatolewa na Sean Baker alikuwa anatoka jukwaani.

Bwana Meneja, sisi ni wahariri. Hiyo ndiyo tuzo niliyowakesheshea wale vijana. Baker aliandika filamu ya Anora mwenyewe, akaielekeza mwenyewe, akaihariri mwenyewe, na usiku huo akaondoka na tuzo nne kwa filamu moja. Kwenye kazi yangu ndivyo ilivyo: mimi ndiye mwenye kamera, mimi ndiye ninayekesha kwenye kompyuta kukata na kuunganisha, na mteja akilalamika analalamika kwangu. Nilitaka vijana wamwone mtu wa namna hiyo akiheshimiwa. Kesho yake nilisikia kwenye kipande cha video cha simu kwamba alisema filamu aliiokoa kwenye uhariri, na kwamba yule mwelekezaji hafai kupewa kazi tena, naye mwelekezaji ni yeye mwenyewe. Vijana wangu wangeangua kicheko pale kwenye mkeka. Badala yake walilisikia mmojammoja, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, wateja wakisubiri.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Ilipofika sehemu ya kuwakumbuka waliofariki, Morgan Freeman alitoka kumzungumzia rafiki yake Gene Hackman, aliyekutwa amefariki siku chache kabla. Wakati majina na nyuso zinapita, mlipitisha chini ya skrini mkanda wa tangazo la kamari. Majina yakafunikwa. Mimi hurekodi matanga karibu kila Jumamosi, Nyakach, Seme, hadi Siaya. Familia ikipokea video yake, kitu cha kwanza inachotafuta ni kama jina la marehemu limeandikwa vizuri na kama kila aliyesimama kusema ameonekana. Sijawahi kuweka chochote juu ya jina la marehemu, hata nembo ya duka langu.

Nilijipa moyo kwamba marudio ya jioni yangerekebisha mambo. Jirani yangu, mama mshonaji, alifunga cherehani mapema akaja. Nilikuwa nimemwambia kwamba Paul Tazewell ameshinda tuzo ya mavazi kwa filamu ya Wicked, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Sherehe iliyochukua karibu saa nne mliirudia kwa saa moja na nusu. Tazewell hakuwemo. Uhariri haukuwemo, wala sauti, wala filamu fupi. Watangazaji wenu na magauni walikuwemo. Mama alikaa mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, "Haya, mwanangu, labda mwaka ujao."

Nilipiga simu kwenu Jumanne. Dada aliyepokea alikuwa mpole, sina neno naye. Alinijibu kwamba zilizoondolewa kwenye marudio ni tuzo ambazo watu wengi hawazifuatilii. Naomba mjue kwamba waandaaji wa Oscar wenyewe waliwahi kufikiri hivyo. Mwaka 2022 walizitoa tuzo nane kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza, uhariri na sauti zikiwemo, wakaja kuonyesha vipande tu. Watu wa filamu walipinga kwa nguvu. Mwaka 2023 tuzo zote 23 zikarudishwa mubashara.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mrudie sherehe yote, tangu mwanzo hadi mwisho, siku na saa mtakayotutangazia mapema, na sehemu ya marehemu iachwe bila mkanda wowote. Mnirudishie zile shilingi 700, kwa kuwa nilichouziwa sicho nilichopewa. Na kama mwakani mtakuwa na studio yenu katikati ya sherehe, tangazo liseme hivyo waziwazi kabla mtu hajalipa.

Stakabadhi ya malipo nimeiambatisha pamoja na orodha ya saa ambazo sherehe ilikatizwa, kama mwanagenzi mmoja alivyoziandika usiku ule. Duka nalifungua saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumamosi ninapokuwa matangani. Mkimtuma mtu, nitamwonyesha marudio yenu, niliyoyarekodi, tuyatazame pamoja.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, mhariri wa video, Kondele