Barua kwa Zubeda kuhusu mdogo wake

Tororo

Mpenzi Zubeda,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Barua yako nimeipata, na tangu niisome sina raha. Unauliza vidonda vya mdomoni vya Rajabu vinahusiana vipi na mguu uliovimba. Mume wangu anaishi na ugonjwa huohuo wa Behçet, basi nakueleza tuliyoelezwa na madaktari.

Kinga ya mwili wa Rajabu inawaka bila kijidudu chochote kuichokoza, na moto huo hushika kuta za mishipa ya damu, mikubwa kwa midogo, ateri zinazotoa damu moyoni na vena zinazoirudisha pia. Vidonda vya mdomoni na sehemu za siri, macho kuwa mekundu na kuuma, yote ni ugonjwa mmoja. Daktari wa ngozi wa Uturuki, Hulusi Behçet, ndiye aliyeziunganisha dalili hizo mwaka 1937. Huonekana zaidi Uturuki, Iran na Japani. Huku kwetu wahudumu wengi hawaufikirii.

Najua majirani wameanza kunong'ona. Mwambie Mama ugonjwa huu hauambukizi, si kwa sahani wala kwa kitanda.

Sasa mguu, na hapa nisikilize sana dada yangu. Damu imeganda kwenye vena kwa sababu ukuta wa vena wenyewe umevimba. Kwa hiyo dawa kuu ni za kutuliza kinga, kama prednisoloni na azathioprini. Dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuongezwa, lakini kwanza kifua kipigwe skani. Behçet huweza kutunisha ateri ya mapafu hadi ipasuke, na mgonjwa aliye na dawa hizo atavuja damu zaidi.

Rajabu akikohoa damu, hata kidogo, msingoje kukuche. Sisi tukiona damu kwenye makohozi tunasema TB, na ni haki apimwe. Tena apimwe kabla hajaanza dawa za kutuliza kinga, maana TB iliyolala huweza kuamka. Lakini kipimo kikisema hana, asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi. Mtajieni daktari jina Behçet, muulize habari za ateri ya mapafu, na mkiona hawaelewi, ombeni rufaa ya Mulago, hospitali kuu ya Kampala.

Prednisoloni asiiache ghafla hata akijiona mzima. Na macho yaangaliwe na daktari wa macho hata kama hayaumi leo. Ugonjwa huu hupofusha, nami sitaki kijana yule apoteze nuru yake kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Niandikie majina ya dawa zote anazomeza na kiasi chake, nimuulize daktari wetu siku ya kliniki. Mkija Kampala mtafikia kwa dada yangu anayekaa Nsambya, nimeshamwambia na chumba kipo.

Rafiki yako,
Halima