Shukrani kwa mzee wa ufunguo

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama, mwenye maumivu ya magoti, kutazama madirisha ya vioo vya rangi katika kanisa kongwe la misheni nje ya mji wa Iringa, tukakuta mlango umefungwa na bajaji yetu imekwisha kuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia uani aliacha ufagio, akafuata ufunguo kwa katekista, akamletea mama kigoda, kisha akatueleza kwamba vipande vya vioo hushikiliwa kwa kanda za madini ya risasi, na kwamba ile buluu (mama hakuchoka kuitazama) hutokana na kobalti inayoyeyushwa pamoja na kioo. Jioni alitusindikiza hadi barabarani, akatusimamishia daladala, akakataa hata pesa ya soda. Wenyeji wenzangu, tukimwona mgeni mbele ya mlango uliofungwa, tumuulize shida yake. Mzee wetu, mama anakusalimu: kamwene!