Gari inakunywa maji? Soma hii kabla hujafungua wota pampu nyumbani

"Fundi, gari inakunywa maji."

Ndivyo simu nyingi za asubuhi zinavyoanza hapa gereji kwetu Fuoni, Unguja. Mtu amefungua boneti kabla ya kuwapeleka watoto skuli, ametazama kitangi cha akiba, kikavu, na juzi tu alikijaza. Swali la pili hufuata papo hapo: "Nikinunua wota pampu, siwezi kuifunga mwenyewe nyumbani?"

Kwa baadhi ya gari unaweza. Kwa nyengine tunakusihi usijaribu. Na kwa gari yoyote ile, ukifunga pampu mpya kisha ukarudi kujaza maji ya kisima, pampu hiyo hutakaa nayo sana. Hilo la mwisho ndilo linalotuuma kuliko yote, na tutalisemea kwa urefu.

Kwanza hakikisha mkosaji ni pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Usiku, gari ikiwa imepoa, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, upande wenye mkanda. Asubuhi tazama tone limeanguka wapi. Kisha piga tochi kwenye pampu yenyewe. Chini yake kuna kitundu kidogo, na watu wengi hudhani ni kasoro ya kiwanda. Kimewekwa makusudi. Ndani ya pampu kuna mapanga yanayosukuma maji, nje kuna puli inayozungushwa na mkanda, na katikati kuna sili inayozuia maji yasitoke na beringi inayoshika mhimili. Sili ikichakaa, maji hutokea kwenye kile kitundu badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona mchirizi mweupe, wa kutu au wa rangi ya kulanti (dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta) chini yake, pampu inakuambia imechoka. Tikisa puli kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikicheza, beringi nayo imekwisha.

Tafadhali usikizibe kitundu hicho. Tuliwahi kwenda kumchukua mteja njia ya Makunduchi, karibu na msitu wa Jozani. Aliziba kwa gamu ya chuma, na matone yakakata kweli. Lakini maji yakawa hayana pengine pa kwenda ila kwenye beringi. Beringi ikavunjika, mkanda ukaruka. Kwenye IST yake mkanda ule ule ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri, kwa hiyo taa nyekundu ya betri iliwaka ghafla. Akadhani ni betri, akaendelea kuendesha ili afike mjini. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ikapinda kwa joto. Kwa hiyo likumbuke hili hata kama husomi zaidi ya hapa: taa ya betri ikiwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda, simama pale pale, zima injini.

Kama boksi ni kavu asubuhi lakini maji yanaendelea kupotea, moshi mweupe hauishi nyuma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, mara nyingi hiyo ni hedi gasketi, ile iliyo chini ya hedi. Usinunue pampu bado.

Sasa suala la kujifungia mwenyewe. Linategemea kitu kimoja: pampu yako inazungushwa na nini. Vitz, IST na Probox zenye injini ya 2NZ au 1NZ zinatumia cheni kwa ndani, na pampu ipo nje, inakwenda na mkanda unaouona kwa macho. Mtu mwenye subira, spana nzuri na siku nzima ya Jumapili anaweza. Noah za zamani zenye injini ya 3S, zile bado tunaziona zikipeleka wageni Nungwi na Paje, pampu yake imo ndani, inazungushwa na taiming beti, mkanda wa ndani wenye meno. Kuifikia lazima uitoe beti, na ukiirudisha jino moja tu nje ya alama injini haitakwenda sawa. Kuna injini za aina nyengine ambazo kosa hilo hugonganisha vali na pistoni. Kazi hiyo tuletee. Na ukituletea, badilisha taiming beti siku hiyo hiyo, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Tuseme gari yako ni IST. Acha injini ipoe usiku kucha. Maji yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu mfuniko wa rejeta unayabana. Ukiufungua injini ikiwa moto, huchemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Tumeona mikono iliyoungua hivyo, na hatutaki kuiona tena.

Ukiinyanyua gari, usilale chini kwa kutegemea jeki peke yake. Nyumba nyingi za pwani uwanja wake ni mchanga, na jeki huzama polepole huku wewe umeshughulika na boliti. Weka ubao mpana chini ya jeki, na stendi mbili imara. Chomoa waya hasi wa betri, fungua koki ya chini ya rejeta, ukinge maji kwenye beseni.

Halafu hapa ndipo wengi wanapokwama: boliti za puli ya pampu zilegeze mkanda ukiwa bado umekaza. Mkanda ndio unaoishika puli isizunguke. Ukishautoa, puli itakuwa inakwenda na spana, na utahangaika nusu saa kwa kazi ya dakika mbili. Zikishalegea, ndipo ulegeze altaneta, utoe mkanda, puli, kisha pampu. Nafasi ya upande ule ni finyu na mkono unapita kwa taabu, usiharakishe.

Gasketi ya zamani ikwangue kwa kipande cha plastiki au mti. Bisibisi na patasi huacha mikwaruzo kwenye aluminiamu, na pampu mpya itavuja kuanzia siku ya kwanza. Kama pampu imekuja na gasketi yake, itumie hiyo, wala usiipakie silikoni kwa wingi. Inayobenuka kwa ndani hukatika na kwenda kuziba njia za rejeta. Boliti za pampu ni nyembamba, za spana namba 10, zinaingia kwenye aluminiamu. Zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Karibu kila boliti iliyokatika tunayoitwa kuichomoa imekatwa na mtu mwenye nguvu aliyeshika spana ndefu.

Wakati wa kujaza, mimina taratibu. Gari ndogo kama hii inachukua lita tano hivi. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, weka hita kwenye joto la juu kabisa, uache mapovu yatoke. Themostati, vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta, hufunguka karibu na nyuzi 82, na usawa wa maji utashuka, ongeza. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili kabla hujasema umemaliza. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tena.

Tunarudi kwenye maji. Kisiwa chetu cha Unguja kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na maji ya visima yamepita kwenye jiwe hilo. Yana chokaa. Ukiyachemsha kwenye birika unauona ukoko mweupe. Ukoko huo huo unakaa ndani ya rejeta na kusaga sili ya pampu. Vya karibu na pwani vina chumvi pia, na chumvi ni adui mkubwa wa aluminiamu. Tumewahi kufungua pampu ambayo mapanga yake yameliwa yote, imebaki duara tupu inayozunguka bila kusukuma kitu. Mwenye gari alikuwa akijaza kila wiki, kwa bidii, kwa maji ya kisima cha nyumbani.

Wateja hutuambia kulanti ni ya nchi zenye theluji. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Nyengine ni kuzuia kutu na kulinda chuma na sili, na kuyafanya maji yachelewe kuchemka, na hizo tunazihitaji sisi kuliko watu wa theluji. Wenzetu wa Pemba wanalijua hili zaidi, maana ukitoka Chake Chake kwenda Wete vilima havikupi nafasi, na mfumo dhaifu hujulikana hapo hapo. Nunua iliyochanganywa tayari, au changanya iliyo nzito na maji yaliyotoneshwa (distilled). Ukikwama njiani na huna, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima, lakini yawe yamekingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Ukifika, yamwage uweke kulanti.

Ukituita, tutakuuliza aina ya injini kabla ya kukutajia bei. Kama umeanza mwenyewe na boliti imekatika, iache kama ilivyo, usiitoboe. Tunakuja ulipo, Mjini na shamba. Wateja wa Pemba tunawasaidia kwa simu kuchagua pampu inayoingia kwenye injini yao kabla hawajalipa.

Na kulanti chafu uliyoikinga kwenye beseni usiimwage uwanjani. Ni sumu, ina ladha tamu, na paka, kuku na mbuzi huinywa. Ukiimwaga, inashuka kule kule tunakochota maji. Itie kwenye dumu lenye mfuniko, andika juu yake kwa herufi kubwa kuwa ni sumu, iweke pasipofikiwa na watoto, kisha tuletee. Hatutozi kitu kuipokea.