Papa wetu waandikwe kwa aina zao

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni muuza papa mkavu hapa Mikindani, kazi niliyoikuta kwa mama yangu. Kila video ya papa mweupe ikizunguka kwenye simu, wateja huniuliza kama naye yumo kwenye bahari yetu.

Ni nadra, lakini amewahi kurekodiwa Zanzibar na Kenya, na ni msafiri hasa. Jike mmoja aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia huko Afrika Kusini mwaka 2003 alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia kwa siku 99, kisha akarudi alikotoka. Samaki wa namna hiyo kupita nje ya Msimbati, hapa Mtwara, si jambo la kushangaza.

Binadamu si chakula chake. Hula samaki, papa wenzake na mizoga ya nyangumi, na kwenye maji ya baridi huwinda wanyama wa baharini waitwao sili kwa kuwavamia kutoka chini. Yeye mwenyewe ana wa kumwogopa: tangu 2017 nyangumi wauaji wa Afrika Kusini wamekuwa wakimpasua na kula ini, ini lile lile ambalo sisi kwa papa wengine tunalichemsha kupata sifa, yaani mafuta ya papa, ya kupaka vyombo vya baharini.

Kinachoniuma ni uzazi wake. Jike anaweza kufikisha miaka 30 na zaidi kabla ya kubeba mimba ya kwanza, na akizaa huzaa wachache. Mtoto huzaliwa ana zaidi ya mita moja. Hebu fikiria mtoto huyo akinasa kwenye jarife, wavu wa papa: dikoni kwetu, samaki wanaposhushwa, dalali atampigia bei ya papa mzima, kichwa kitakatwa, mapezi yataondoka na mnunuzi wake, na kwenye daftari litaandikwa neno moja tu, papa, na kilo zake. Akinifikia mimi ni minofu ya kutia chumvi. Hapo hata mimi niliyekulia kwenye kazi hii siwezi kumtambua.

Afrika Kusini ilimpiga marufuku kuvuliwa tangu 1991. Sisi tutamlinda vipi kama hatujui hata kama tumemvua?

Nawaomba BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni, na maofisa uvuvi wa Mtwara na Lindi: kabla kisu hakijapita, karani aandike aina, urefu, na kama ni jike au dume. Dume ana viungo viwili virefu chini ya tumbo, kila mvuvi anavijua. Papa mweupe meno yake ya juu ni mapana, ya pembetatu, kingo zake kama msumeno, na pembe mbili za mkia wake zinakaribia kulingana, wakati papa wengi pembe ya juu ndiyo ndefu. Asiye na uhakika apige picha ya kichwa na mkia kwa simu, ndipo mnada uendelee. Kazi hiyo haimcheleweshi mvuvi wala haimpunguzii bei.

Muuza papa mkavu,
Mikindani, Mtwara