Mitaala mipya ya vyuo vikuu ipange mrejesho, siyo mitihani tu

Ndugu Mhariri,

Idara nyingi za vyuo vikuu nchini zimekuwa zikifumua mitaala yake tangu HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, uanze kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425 za Marekani, ulioidhinishwa mwaka 2021. Hapa Dodoma, kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma, St John's, Chuo cha Mipango na vingine, wadau wanaoitwa kutoa maoni hawakosekani: maofisa wa wizara, wa halmashauri, waajiri binafsi. Huulizwa zaidi kuhusu majina ya kozi. Iongezwe takwimu, ipunguzwe nadharia, ujasiriamali uwekwe mwaka wa pili. Suala la tathmini hufikiwa jioni, watu wameshaanza kutazama saa, na huandikwa kwa mstari mmoja unaonakiliwa kutoka kozi hadi kozi: kosiweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, alama 40, mtihani wa mwisho 60.

Tunaomba mstari huo usipite hivi hivi. Mwanafunzi husoma kile anachojua atapimwa nacho. Mtaala ukiahidi ubunifu na mtihani ukadai kukariri, atakariri, na hatuna haki ya kumlaumu.

Tuchukue kozi ya mipango ya ardhi vijijini. Mtaala unasema mhitimu ataweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kisha karatasi ya mtihani inasema: "Taja na ueleze hatua sita za upangaji shirikishi wa matumizi ya ardhi. Alama 20." Swali hilo linajibika kwa usiku mmoja wa kukesha na madesa, yaani nukuu za kurithi, ya waliotangulia, na anayepata 18 anaweza kuwa hajawahi kuchora hata mpaka wa shamba. Sasa mpe mwanafunzi yuleyule ramani ya mkono ya kijiji cha Chamwino: korongo linalokata kijiji katikati, lambo moja upande wa mashariki, mashamba ya mtama na alizeti, kaya za wafugaji upande wa magharibi. Mwambie atenge malisho, makazi na hifadhi, kisha atetee uamuzi wake kwa kurasa mbili. Hapo utaona kama hatua sita anazijua au anazikumbuka tu. Mtaalamu wa elimu John Biggs aliliandika jambo hili mwaka 1996: matokeo yanayotarajiwa, ufundishaji na upimaji vivute kamba upande mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kuandika mtaala ianzie kwenye tathmini. Idara iweke mezani jedwali moja la programu nzima. Mistari iwe ni matokeo ya ujifunzaji, tuseme manane. Safu ziwe ni kozi zote. Kila kisanduku kionyeshe kama tokeo hilo linaanzishwa, linafanyiwa mazoezi yenye mrejesho, au linapimwa kwa alama za mwisho. Kila tokeo lifanyiwe mazoezi yenye mrejesho angalau mara mbili kabla ya kupimwa kwa mara ya mwisho. Likijazwa kwa uaminifu, jedwali hilo huumbua mambo. Uandishi wa ripoti utakuta umepimwa kwenye kozi kumi na mbili na haukufundishwa kwenye hata moja. Kufanya kazi na wananchi kumetajwa kwenye dibaji, halafu hakuna anayekupima popote.

Baada ya jedwali hilo ije kalenda, na hapa ndipo vyuo vingi hujikwaa. Kwa utaratibu wa krediti unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Muhula basi ni krediti 60, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za kufundisha unapata saa 40 kwa wiki, sawa na mfanyakazi wa ofisini. Chukua kozi sita za krediti 10. Kila mhadhiri, kwa nia njema kabisa, anaweka majaribio mawili na kazi mbili za kuandika. Jumla ni kazi 24. Kwa kuwa kila mmoja anapanga peke yake, zote huangukia wiki ya 7 na ya 8, kisha ya 13 na ya 14. Hiyo ni wastani wa kazi sita kwa wiki moja. Mwanafunzi aliyebanwa namna hiyo atakopi, au ataiomba akili unde imwandikie, na wengi wanaofanya hivyo si wavivu. Muda haupo.

Upande wa msahihishaji hali ni ileile. Darasa la wanafunzi 300, dakika 12 kwa kila karatasi, ni saa 60 kwa kazi moja. Kazi nne ni saa 240, sawa na saa 16 za kusahihisha kila wiki kwa kozi moja tu, na mhadhiri ana kozi nyingine, utafiti na vikao. Ndiyo maana karatasi hurudi wiki ya 15 zikiwa na alama nyekundu ya vema na namba juu kulia, au hazirudi kabisa, na namba tu hubandikwa ukutani.

Dawa yake ni kupunguza kazi. Tunajua wapo watakaosema kiwango kinashushwa, lakini mahesabu yanasema vingine. Weka kazi mbili badala ya nne. Ya kwanza iwe fupi, ukurasa mmoja, alama 10 kati ya 40, ikusanywe wiki ya 4. Kwa dakika 5 kila moja ni saa 25. Ya pili ijengwe juu ya ileile ya kwanza, alama 30, ikusanywe wiki ya 10, kwa dakika 12 zilezile, yaani saa 60. Jumla ni saa 85 badala ya 240. Karatasi ya kwanza irudi ndani ya wiki mbili, siyo zaidi, ili mwanafunzi abaki na wiki nne za kurekebisha. Tarehe ya kurudisha iandikwe kwenye mtaala kama ilivyoandikwa tarehe ya kukusanya. Tarehe isiyoandikwa hakuna anayeidai.

Na mrejesho wenyewe uweje? "Fafanua", "hujajitosheleza", "jitahidi" ni maneno yanayojaza pembezoni mwa karatasi bila kumwambia mtu afanye nini. Turudi kwenye ile ramani ya kijiji. Mrejesho unaofaa ungesema: "Umeweka malisho magharibi na lambo liko mashariki. Februari korongo likijaa, ng'ombe watavukaje? Katika kazi ya pili anza kwa kuchora njia ya mifugo, ndipo upange mashamba." Maneno hayo hayafiki thelathini. Yanataja kosa, yanaonyesha kwa nini ni kosa, na yanampa kazi ya kufanya kesho. Kwa darasa kubwa haiwezekani kumwandikia kila mmoja hivyo, basi msahihishaji asome karatasi 40 za kwanza, aorodheshe makosa matano yanayojirudia, ayape namba, kisha kwenye karatasi zote aandike namba tu. Nusu saa ya mhadhara wa wiki inayofuata iende kwenye makosa hayo matano, yakionyeshwa kwa mifano isiyo na majina.

Lipo pia suala la alama kumeza maoni. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa shule nchini Israel: waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi kwenye kazi iliyofuata, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Mtu akishaona 11 kati ya 20 hasomi tena. Inawezekana kurudisha karatasi zenye maoni Jumatatu, mwanafunzi aandike mistari mitatu ya atakachobadilisha, na alama zitolewe Ijumaa. Gharama yake ni siku nne.

Kazi za vikundi tuziseme kwa kifupi. Kikundi cha watu 12 huzaa mwandishi mmoja, mchapaji mmoja wa steshenari na majina kumi ya kujaza ukurasa wa mbele. Vikundi viwe vya watu wanne au watano, na sehemu ya alama itokane na maswali ya mdomo ya dakika tano kwa kila mmoja.

Usawa wa usahihishaji nao upangwe mapema. Pale kozi inaposahihishwa na wahadhiri watatu, wote wasahihishe karatasi kumi zilezile kwanza, bila kuonyeshana, kisha walinganishe. Mmoja akitoa 48 na mwenzake 63 kwa karatasi moja, mwongozo wa usahihishaji una tundu, na ni bora lizibwe kabla ya karatasi 290 zilizobaki. Kumwachia mtahini wa nje aligundue mwishoni mwa mwaka ni kuchelewa, kwa kuwa matokeo huwa yamekaribia kupitishwa na Seneti ya chuo.

Jambo la mwisho linahusu wenye sapu, yaani mitihani ya marudio. Mwanafunzi anaangushwa kwenye mtihani, anarudi nyumbani Kondoa au Mpwapwa, na baada ya wiki kadhaa anaitwa kurudia mtihani wa kozi ileile bila kujua alikosea wapi. Anajiandaa kwa madesa yaleyale yaliyomwangusha. Tunaomba mitaala mipya idai ukurasa mmoja kwa kila kozi, ulioandikwa na mtahini wa ndani, unaotaja maswali yaliyowaangusha wengi, jibu lililotarajiwa lilikuwa na nini, na wengi walikosa nini. Ukurasa huo utolewe siku ileile matokeo yanapotangazwa.

Wahadhiri wawili,
Dodoma