Meili ndiyo inanitoa jasho

Kaka, mambo vipi? Shemeji na watoto hawajambo? Najua nimekaa kimya mpaka umeanza kuwaambia watu naringa, hizo habari zimenifikia na aliyezileta usiniulize. Siyo maringo, ni hii helpdeski niliyotwishwa, na leo nakuandikia kwa shida nisikufiche.

Unajua kwetu printa ikimgomea mtu anakuja kusimama nyuma ya kiti chako, mwingine anakutumia meseji usiku "vipi intaneti?" basi hata salamu hakuna, halafu mwisho wa mwezi bosi anauliza mmefanya nini, huna hata mstari mmoja wa kumwonyesha. Ndio nikaambiwa tafuta mfumo wa tiketi, yaani kila shida inayoletwa inapewa namba na kufuatiliwa, tena wa bure.

Nikachukua osTicket. GLPI niliiangalia, nzuri kwa orodha ya vifaa, na Zammad inapendeza machoni ila kaseva nilikopewa ukikaona utacheka. osTicket inataka PHP na MySQL tu, unanakili lile faili la ost-sampleconfig.php unaliita ost-config.php, unaliruhusu liandikike, unajaza fomu, ukimaliza unalifunga na kufuta folda ya setup. Hapo sikusumbuka.

Balaa ni meili. Na bila meili mfumo wote ni pambo, maana hawa watu wetu hawatafungua ukurasa mwingine wenye nywila nyingine ili tu waseme kompyuta ni nzito. Watatuma meili kwenye anwani moja, wakijisikia vizuri. Sasa maelezo yote ya zamani yanakwambia weka jina na nywila kwenye IMAP, ile njia ya mfumo kusoma boksi la meili, imeisha hiyo, kumbe boksi likiwa la Microsoft 365 njia hiyo walianza kuizima Oktoba 2022, lazima upite OAuth2, njia ya kuingia kwa kibali badala ya nywila, usajili programu kwao, upewe siri, uibandike kwenye plagini, kile kipande cha nyongeza cha osTicket. Na ile siri ina tarehe ya kufa, hawakupi zaidi ya miezi 24, ikifika siku hiyo meili zinaacha kuingia na wewe unadhani watu leo wametulia! Nimeiweka kwenye kalenda yangu na ya yule jamaa wetu wa netiweki, ingawa huyo kalenda hata haifungui.

Ilipokubali sasa, kroni, ile saa ya seva inayoamsha kazi zenyewe, ikaanza kuvuta meili kila dakika 5. Bosi alikuwa amesisitiza tutumie boksi lilelile la siku zote "watu wamelizoea", basi matangazo ya semina, ankara, mialiko ya vikao, vyote vikageuka tiketi vikapewa namba. Tiketi moja ilikuwa inauliza keki ya kumuaga yule dada wa uhasibu iwe ya rangi gani. Nikamwonyesha bosi akacheka mwenyewe, anwani mpya tukapata hapohapo.

Halafu kuna hawa wa likizo. Mtu anaomba nywila, anaondoka, mfumo unamjibu "tumepokea tiketi yako", boksi lake linajibu "niko likizo", jibu linarudi kwenye mfumo, nao unamjibu tena. Meili za namna hiyo zinatakiwa zibebe kichwa cha Auto-Submitted, mstari ambao msomaji haoni, ili mashine ijue inaongea na mashine mwenzie, lakini siyo kila mfumo unaweka. Nimepunguza majibu ya otomatiki, linatoka moja tu tiketi inapofunguliwa. We unaonaje, au nilizime kabisa? Mi naona mtu asipopata jibu atakuja tena kusimama nyuma ya kiti.

Sasa nisaidie wewe uliyeshapitia haya. Huko kwenu nani anachagua kipaumbele, mteja au nyie? Mi naogopa nikiwaachia wenyewe kila kitu kitakuwa dharura, mpaka kipanya. Ile SLA, yaani muda wa kumaliza tiketi, ya saa 18 inayokuja na mfumo uliiacha hivyohivyo au ulibadilisha, na wikiendi mliihesabu? Mada za msaada, yale makundi ya shida ya kupangia tiketi, uliweka ngapi? Bosi ameniletea orodha ndefu yenye mpaka "mengineyo ya dharura" na "mengineyo ya kawaida", mi nataka tano tu. Na mtu akikaa kimya baada ya kutengenezewa, tiketi mnaifunga au mnamsubiri?

Nijibu mapema hata kwa vipande, Jumatatu anwani inatangazwa kwa ofisi nzima na hilo la kipaumbele bado halijaamuliwa.